Gamba lililokwama katika kiangazi cha Lubumbashi: uchambuzi wa kisa cha chatu wa kifalme

Mgonjwa wa kisa hiki ni chatu wa kifalme jike, mwenye urefu unaozidi mita moja kidogo na uzito wa takriban kilo moja na robo, aliyekuwa akifugwa katika nyumba moja ya komini (wilaya ya mji) ya Kampemba mjini Lubumbashi, nchini Kongo. Mwenye nyoka ni kijana fundi wa umeme, aliyeachiwa mnyama huyo pamoja na kizimba chake cha kioo na taa ya kupasha joto na mhandisi wa kigeni aliyemaliza mkataba wake mgodini na kurudi kwao. Niliitwa katikati ya Julai, baada ya nyoka kuanza kujivua gamba na kushindwa kumaliza. Nusu ya mbele ya mwili ilikuwa imetoka vipande vipande; kuanzia kiunoni hadi mkiani gamba la zamani lilikuwa limebaki juu ya ngozi, limekauka, lina rangi ya kijivu na kingo zilizojikunja. Jicho la kulia lilikuwa angavu, la kushoto lilikuwa na utando. Karibu na ncha ya mkia palikuwa na pete mbili za gamba la zamani zilizobana, na nyama iliyo kati ya pete hizo na ncha ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Nyoka hujivua gamba kwa sababu tabaka la juu kabisa la ngozi yake ni mfu, halikui wala halijirekebishi. Chini yake mwili hutengeneza tabaka jipya kamili, na tabaka hilo linapokuwa tayari, majimaji hujitokeza kati ya la zamani na jipya na kuyatenganisha. Majimaji hayo ndiyo yanayoififisha rangi ya nyoka na kuyafanya macho yake yawe ya samawati yenye ukungu kwa siku kadhaa. Kisha macho hung'aa tena, na wafugaji wengi hudhani kwamba mambo yamekwisha, ilhali nyoka bado ana siku tatu au nne kabla ya kujivua kwenyewe. Siku ikifika, husugua midomo juu ya jiwe au gogo hadi gamba lipasuke ukingoni mwa mdomo, kisha hulitoka akisonga mbele, likigeuka ndani nje kama soksi inayovuliwa mguuni. Nyoka mwenye afya, anayekaa mahali panapomfaa, huliacha gamba likiwa kipande kimoja kuanzia midomoni hadi ncha ya mkia. Macho nayo huvuliwa, kwa kuwa nyoka hana kope za kufumba. Kila jicho limefunikwa na kigamba kimoja kinachopitisha mwanga, ambacho nitakiita kioo cha jicho, na kioo hicho hubadilishwa kila mara gamba linapobadilishwa.

Kwa hiyo gamba linapokwama, swali la kwanza si namna ya kulitoa. Swali ni kwa nini majimaji yale yalikauka kabla ya kazi kwisha. Katika nyumba hii jibu lilikuwa juu ya ukuta na sakafuni, na ningeweza kulipata hata kama nyoka mwenyewe angekuwa amefichwa.

Kizimba kilikuwa katika chumba cha ndani kisicho na dirisha linalofunguliwa. Hakikuwekwa huko kwa bahati. Lubumbashi, kama katika miji mingi ya nchi yetu, mtu anayekaa na nyoka ndani ya nyumba hasemwi vizuri. Jirani wa kwanza atasema nyoka huyo analeta fedha usiku, na jirani wa pili atataja mtoto aliyekufa mtaani mwaka uliopita. Mama wa kijana huyu alikuwa na hofu ya maneno hayo kuliko ya nyoka mwenyewe, na aliponipokea mlangoni neno lake la kwanza lilikuwa, "Dokta, ingia upesi, watu wanaangalia." Nilimjibu, "Mama, mimi natibu hata kuku," jambo lililomtuliza kidogo. Ninaitaja habari hii kwa sababu ina uzito katika kisa: nyoka alifungiwa chumba kisicho na hewa, na mwenyewe alichelewa kuomba msaada karibu wiki mbili kwa kuogopa kuonekana.

Umeme ulikuwa ukikatika karibu kila jioni. Taa ilipozimika, kijana alikuwa akiwasha mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, na kuiweka karibu na kizimba ili nyoka asipate baridi. Nia ilikuwa njema. Lakini makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu kabla hawajaamka, na kwa nyoka moshi na vumbi la makala ni mwanzo wa ugonjwa wa kupumua. Zaidi ya hayo mbabula iliendelea kuikausha hewa pale taa ilipoishia.

Hapa inafaa kukaa kidogo na hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini kisa cha namna hii hutokea hapa katika Juni na Julai hata kwa mfugaji aliyefanikiwa miezi mingine. Lubumbashi iko kwenye kimo cha karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu hainyeshi, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Tuchukue hewa ya nyuzi 10 iliyojaa unyevu kabisa, yaani asilimia 100, tuiingize ndani ya kizimba na kuipasha hadi nyuzi 32 bila kuiongezea maji: mvuke ni uleule, lakini sasa unyevu wake ni takriban asilimia 26 tu. Chatu wa kifalme anahitaji asilimia 50 hadi 60 siku za kawaida, na zaidi kidogo anapokaribia kujivua. Hivyo kila mfugaji anayeongeza moto wakati wa baridi bila kuongeza maji anakausha kizimba kwa mkono wake mwenyewe, na kadiri anavyomhurumia nyoka kwa baridi ndivyo anavyomkausha zaidi. Kipima unyevu nilichokiacha chini ya taa kilionyesha asilimia 24 alasiri. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 36 mahali hapohapo umeme ulipokuwapo, na nyuzi 19 alfajiri baada ya makala kuzimika.

Linganisha hali hiyo na makao ya asili ya mnyama huyu. Chatu wa kifalme, ambaye wataalamu humwita Python regius, ni wa savana na kingo za misitu kuanzia Senegal hadi Uganda. Si mnyama wa huku kwetu Katanga, ingawa chatu mkubwa wa nyikani tunaye. Mchana hukaa ardhini, ndani ya mashimo ya panya na ndani ya vichuguu. Mtu yeyote aliyewahi kuchimba kichuguu huku kwetu ili afyatue matofali anajua kwamba hata Agosti, nyasi zikiwa zimeungua na barabara ni vumbi tupu, udongo wa ndani huwa na ubaridi na unyevu. Nyoka huyu ameumbwa aishi katika nchi yenye kiangazi, ila kiangazi chenyewe hukipitisha ndani ya shimo. Kizimba cha kioo chenye wavu juu, taa kali na gazeti kavu chini kilimpa kiangazi na kumnyima shimo.

Kabla ya kuulaumu ukavu peke yake nilitafuta sababu nyingine, kwa kuwa gamba lililokwama mara nyingi huwa na sababu zaidi ya moja. Nilitafuta utitiri wa nyoka, wadudu weusi wadogo sana ambao hujificha pembeni mwa macho na katika mkunjo ulio chini ya kidevu, na ambao mara nyingi huonekana wamekufa maji ndani ya chombo cha kunywea. Nilimpitisha nyoka juu ya kitambaa cheupe chenye maji na kukikagua kwenye mwanga. Hakikuwa na kitu. Nilifungua mdomo taratibu: hapakuwa na ute mzito wala uwekundu wa fizi, na pumzi haikuwa na mlio. Ngozi ya ubavuni ilibaki na mikunjo nilipoikunja, na mkojo wa nyoka, ambao hutoka kama uchafu mweupe, ulikuwa umekauka na kuwa mgumu wenye rangi ya manjano, dalili mbili za mnyama aliyepungukiwa maji mwilini. Chombo chake cha maji kilikuwa kidogo, nacho kilikuwa chini kabisa, upande wa baridi. Hatimaye nilikuta kovu la zamani mgongoni, pana kiasi cha ukucha wa kidole gumba, lililoachwa na panya hai aliyewahi kutupwa kizimbani kama chakula. Juu ya kovu gamba hushika zaidi kuliko mahali pengine, na mwenye nyoka anapaswa kulizoea jambo hilo maisha yote ya mnyama.

Mwenyewe alikuwa amejaribu mambo mawili kabla yangu. La kwanza ni mafuta ya mawese, aliyoshauriwa na shangazi yake. Mafuta hayalainishi gamba kavu. Kinacholainisha ni maji, na mafuta huyazuia maji hayo yasipite, huku yakikusanya vumbi. La pili lilikuwa baya zaidi: alikuwa amevuta gamba kwa vidole, akitoka mkiani kuelekea kichwani, dhidi ya mpangilio wa vigamba. Sehemu mbili ubavuni zilikuwa nyekundu na mbichi, ambapo tabaka jipya lisilokomaa lilikuwa limetoka pamoja na la zamani. Binamu yake alikuwa ameleta utepe wa gundi wa kubandika jichoni na kuunyakua. Kwa bahati utepe haukuwa umetumika.

Jicho linahitaji maelezo yake peke yake. Kati ya kioo cha jicho na jicho lenyewe kuna nafasi nyembamba yenye machozi, na machozi hayo hutiririkia mdomoni. Anayevuta kwa nguvu hawezi kujua kama kilichoshikwa na gundi ni kioo cha zamani au kipya kilicho hai. Kikitoka kipya, jicho hubaki wazi, hukauka, na nyoka hulipoteza. Ndiyo maana kazi ya kwanza si kugusa, bali ni kuhakikisha kama kweli kioo cha zamani kimebaki, kwa kuwa jicho lenye ukungu linaweza pia kuwa la nyoka anayekaribia kujivua, na jicho lililobonyea linaweza kuwa la nyoka mwenye kiu tu. Kijana huyu alikuwa na busara moja kubwa: alikuwa ameyahifadhi mabaki yote ya gamba ndani ya mfuko wa plastiki. Niliyalowesha katika sahani ya maji na kukitandaza kipande cha kichwa. Upande wa kulia palikuwa na kifuniko kidogo cha mviringo, safi, kinachopitisha mwanga, kimeshikamana na vigamba vinavyolizunguka jicho. Upande wa kushoto palikuwa na tundu lenye kingo zilizochanika. Jibu likawa limepatikana bila kumgusa nyoka.

Matibabu yalianza na chumba. Mbabula iliondolewa siku hiyohiyo, na kijana, ambaye umeme ndiyo kazi yake, alifunga kidhibiti cha joto kwenye taa ili upande wa moto usizidi nyuzi 32 na upande wa pili ubaki kwenye 26. Robo tatu ya wavu wa juu ilifunikwa kwa karatasi ngumu ya plastiki, isiyofika kwenye taa, ili mvuke usipotee wote. Gazeti lilibadilishwa kwa tabaka la maganda ya nazi yaliyosagwa, ambayo hushika maji bila kuwa tope. Mahali ambapo hayapatikani, mtu anaweza kutumia taulo za pamba zinazofuliwa kwa zamu. Chombo cha maji kilibadilishwa kikawa kikubwa kiasi cha nyoka kujikunja ndani yake, kikawekwa karibu na upande wa joto. Kwa saa za giza tulikubaliana juu ya chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa na kuegemezwa nje ya kioo, na blanketi juu ya kizimba, huku tukiacha nafasi ya hewa.

Kitu kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote: kasha la plastiki lenye mfuniko, la kuhifadhia chakula, lililotobolewa tundu la kupita nyoka na kujazwa nusu kwa matambara yenye unyevu. Hicho ndicho kichuguu chake. Nyoka huingia akihitaji, hutoka akitosheka, na mfugaji halazimiki kulowesha kizimba kizima.

Kwa gamba lililokuwa tayari limekauka, unyevu wa hewa peke yake usingetosha. Tulimwogesha katika beseni ambalo tangu siku hiyo halikurudi jikoni, kwa sababu nyoka wengi hubeba vijidudu vya salmonela bila wenyewe kuugua, na mikono ya kila anayewashika inapaswa kuoshwa kwa sabuni. Maji yalikuwa ya nyuzi 28 hadi 30, vuguvugu kidogo sana mkononi, na kina chake hakikuvuka nusu ya unene wa mwili wake, ili nyoka aliyechoka asilazimike kuogelea. Alikaa humo karibu nusu saa, mtu akimwangalia muda wote. Baadaye nilimweka ndani ya taulo lenye maji lililokunjwa, nikalishika kwa ulegevu, nikamwacha ajitoe mwenyewe akielekea mbele. Nguvu ni yake, msuguano ni wa taulo, na mkono wa binadamu hauvuti chochote. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, alisogea hatua kwa hatua mpaka akawa ndiye anayeshika ncha ya taulo.

Gamba la kiunoni lilitoka siku hiyo kwa mapande makubwa. Lililobaki lilitoka baada ya kuogeshwa tena, isipokuwa kiraka cha juu ya kovu, ambacho niliagiza kiachwe. Sehemu mbichi za ubavuni zilisafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, zikawekwa dawa ya jeraha ya ayodini iliyochanganywa na maji mengi, na kwa siku hizo nyoka alilazwa juu ya taulo safi badala ya maganda ya nazi ili jeraha lisiingie uchafu.

Pete za mkia hazikungoja. Gamba kavu linapojikunja kuzunguka mkia huzuia damu, na ncha hufa pole pole bila nyoka kuonyesha maumivu ambayo mfugaji angeyatambua. Baada ya kuoga niliuzungushia mkia shashi yenye maji kwa dakika kadhaa, kisha nikausokota taratibu kati ya vidole, kuelekea nchani, hadi pete ya kwanza ikalegea na ya pili ikaifuata. Nyuma yake paliachwa mstari uliobonyea. Milimita chache za mwisho zilikuwa tayari nyeusi na ngumu. Ziliachwa zikauke, nazo zilidondoka zenyewe wiki kadhaa baadaye bila uvimbe wala usaha. Zingekuwa zimevimba au weusi ungekuwa unapanda, ningempeleka kwa daktari wa upasuaji wa wanyama; Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na mfugaji wa mnyama asiye wa kawaida hafai kuona haya kubisha huko.

Jicho la kushoto tuliliacha. Uamuzi huo ulikuwa mgumu kwa kijana kuukubali kuliko mengine yote, kwa kuwa kulitazama jicho lenye utando kila asubuhi bila kufanya lolote kunaonekana kama uzembe. Lakini kioo kimoja kilichobaki, jicho likiwa halijavimba wala halitoi majimaji, kwa kawaida hutoka katika zamu inayofuata ikiwa unyevu umerekebishwa, na hatari ya kungoja ni ndogo kuliko hatari ya vidole. Nilimpa masharti ya kunipigia simu: jicho likivimba, likigeuka manjano, au nyoka akianza kulisugua bila kukoma, maana usaha unaweza kujikusanya chini ya kioo na hapo kungoja si dawa tena. Chakula nacho hakikulazimishwa. Chatu wa kifalme hususa kula majuma kadhaa wakati wa baridi na wakati wa kujivua. Alipokubali tena, alipewa panya aliyekwisha kuuawa.

Macho yake yaliingia ukungu mwanzoni mwa Septemba. Kijana aliongeza maji katika matambara ya kasha, akaacha kabisa kumshika nyoka, na unyevu ukabaki kati ya asilimia 65 na 75 hadi mwisho. Gamba lilipatikana asubuhi moja ndani ya kasha, kipande kimoja, likiwa na tundu dogo tu mahali pa kovu. Tulilitandaza kwenye maji kama awali. Kifuniko cha jicho la kulia kilikuwa chembamba na safi. Cha kushoto kilionekana kinene, na nilipokisukuma kwa ncha ya kijiti kikajigawa: vifuniko viwili vilivyolaliana, cha Julai juu ya cha Septemba.

Maagizo niliyoyaacha baada ya hapo yanahusu mvua. Inapoanza kunyesha kwa wingi kuanzia Novemba, hewa ya Lubumbashi yenyewe hutosha, na kizimba kilichofunikwa kwa ajili ya Julai huwa na maji kupita kiasi. Nyoka anayelala juu ya unyevu usiokauka hupata malengelenge na vidonda kwenye vigamba vya tumbo, ugonjwa ulio mgumu kuutibu kuliko gamba lililokwama. Kwa hiyo karatasi ya plastiki hutolewa mvua zinapotulia kuwa za kila siku, maganda ya nazi hupunguzwa, kasha lenye matambara huwekwa siku za macho ya ukungu tu, na tumbo la nyoka hukaguliwa kila chombo cha maji kinapooshwa.